Ulimi Hodari wa Kukataa

Mwaka 2007, katika mashindano ya mvinyo ya Maonyesho ya Jimbo la California, Marekani, majaji walioonja bila kuona lebo walitangaza kuwa Chardonnay bora ya California ni chupa iliyokuwa ikiuzwa jimboni humo kwa dola 1.99. Ilikuwa Charles Shaw ya mavuno ya 2005, mvinyo wa kampuni ya Bronco ya Fred Franzia, uliouzwa katika maduka ya Trader Joe's. Ulipewa alama 98 kati ya 100 na medali ya dhahabu maradufu. Habari hizo zilipokewa kwa namna mbili. Wapo walioshangilia, wakisema kumbe bei kubwa ni maringo matupu na wataalamu wamekuwa wakituuzia maneno. Wapo waliong'aka, wakisema mashindano yanayoweza kuutukuza mvinyo wa dola mbili hayana maana yoyote. Pande zote mbili ziliikimbilia ile 98, moja iishike kama bendera na nyingine iitupe. Swali lenye faida zaidi likaachwa: mtu aliyesimama mbele ya rafu na fedha ya chupa moja tu mfukoni anaweza kuambiwa nini cha uhakika na wale wanaoonja kwa niaba yake? Naamini anaweza kuambiwa mambo mengi, na kwamba kazi ya kuonja mvinyo wa bei nafuu ina msingi imara kuliko ile ya kuonja mvinyo wa matajiri. Lakini msingi huo hauko pale tulipozoea kuutafuta, yaani kwenye orodha ya washindi.

Ushahidi wa kwanza unatoka kwenye mashindano hayo hayo. Robert Hodgson, profesa mstaafu mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huko California, aliwaomba waandaaji wamruhusu kuwapima majaji wenyewe. Kati ya 2005 na 2008 kila jopo la majaji wanne lilipelekewa glasi 30 zenye namba, na miongoni mwake zimo glasi tatu zilizomiminwa kutoka chupa ileile moja. Jaji anainua glasi, anaizungusha, ananusa, anaonja, anatema, anaandika alama. Glasi kadhaa baadaye anaupokea tena mvinyo uleule bila kujua. Kila mwaka walipimwa majaji kati ya 65 na 70, watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 katika jarida la Journal of Wine Economics yalionyesha kwamba ni takriban jaji mmoja kati ya kumi tu aliyeweza kuupa mvinyo uleule alama zisizotoka nje ya daraja moja la medali. Mwingine mmoja kati ya kumi aliwahi kuupa mvinyo mmoja shaba kwenye glasi moja na dhahabu kwenye nyingine. Magazeti yalipenda sehemu hiyo, yakaiandika kwa furaha. Lakini utafiti huo una sentensi nyingine ambayo haikushangiliwa, nayo ndiyo inayonishughulisha: majaji walikuwa thabiti zaidi katika yale wasiyoyapenda kuliko katika yale waliyoyapenda. Waliyumba walipokuwa wakitafuta bora ya bora, ila mvinyo uliowachukiza mara ya kwanza ulielekea kuwachukiza tena.

Nadhani sababu yake si ngumu kuiona. Uzuri wa mvinyo ni jumla ya mambo mengi yanayosaidiana, na uzito wa kila jambo hubadilika kulingana na glasi iliyotangulia, uchovu wa ulimi, hata njaa. Ubovu mara nyingi ni jambo moja lenye chanzo kimoja. Chukua kasoro inayojulikana kuliko zote, ile inayotoka kwenye kizibo cha gome la mti. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1980 mtafiti wa Uswisi, Hans Tanner, na wenzake waliitambua kemikali inayoisababisha, ambayo kwa kifupi huitwa TCA. Chembe chache sana, sehemu kadhaa tu katika trilioni, zinatosha kuifanya chupa nzima inuke kama katoni iliyolowa na kufungiwa stoo, na kabla hata harufu hiyo haijajitokeza wazi, matunda yote katika mvinyo yanakuwa yamekwisha kuzimika. Bakteria wakipata hewa kwenye tangi hutengeneza asidi ya siki, na pua hupokea ukali unaofanana na wa dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Mvinyo mweupe uliopigwa na hewa hugeuka rangi na kuelekea hudhurungi, ukanuka tufaha lililoanza kuoza. Ule uliobanwa bila hewa kabisa unaweza kutoa harufu ya yai viza. Haya yote hupimika maabara, na mtu aliyefundishwa kwa muda mfupi anaweza kuyatambua. Ndiyo maana nasema ulimi ni hodari zaidi wa kukataa kuliko wa kutukuza.

Hapa panazuka pingamizi la kwanza, tena la haki: kila mtu na ulimi wake, kwa hiyo mwonjaji atanisemeaje mimi? Ni kweli kwamba watu hutofautiana. Wapo wanaoinusa TCA mara moja na wapo wasioihisi hata ikizidi. Ni kweli pia kwamba majina ya matunda na maua ambayo waonjaji hupenda kuyaorodhesha si ya kutegemewa sana. Mwaka 2001 watafiti wa Ufaransa, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo huko Bordeaux. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yanayotumiwa kwa mvinyo mwekundu. Jicho lilikuwa limeiamulia pua. Lakini tuangalie vizuri kilichoanguka katika jaribio hilo: ni msamiati wa harufu za kulinganisha. Halikuonyesha kwamba rangi huweza kuuficha uchachu mkali, sukari nyingi au siki. Tofauti za ndimi zinatulazimisha tuwe na waonjaji kadhaa badala ya mmoja, na tuseme wazi kilichokubaliwa na wote na kilichogawanya meza. Hazituruhusu kuhitimisha kwamba hakuna kinachoweza kusemwa. Kupenda ni kwa mtu binafsi. Siki ni siki kwa kila mtu, hata kwa yule asiyeijali.

Ili ulimi ufanye kazi hiyo kwa haki, lazima lebo na bei vifichwe. Kwa mvinyo wa bei nafuu hili lina uzito zaidi. Mwaka 2008 Hilke Plassmann na wenzake walichapisha jaribio la watu 20 walioonja wakiwa ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo. Chupa ya dola 90 ilitambulishwa safari moja kwa bei yake na safari nyingine kama ya dola 10. Ya dola 5 ilitambulishwa kwa bei yake na kisha kama ya dola 45. Walioonja waliufurahia zaidi mvinyo uliotajiwa bei kubwa, na sehemu ya ubongo inayohusika na kuonja raha nayo ilichangamka zaidi. Hawakuwa wakidanganya kwa adabu. Raha yenyewe ilikuwa imepanda. Mwaka huohuo Robin Goldstein na wenzake walikusanya matokeo ya maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanyika bila bei kuonekana, wakakuta kwamba watu wa kawaida hawakuipenda zaidi mivinyo ya bei kubwa. Kwa wastani waliipenda kidogo pungufu. Waliosomea mvinyo hawakuwa na mwelekeo huo. Ukiyaweka matokeo haya mawili pamoja unaona dhuluma anayotendewa mwenye kipato kidogo: bei ndogo inampunguzia raha kabla hajanywa, ilhali kilichomo kwenye glasi pengine hakina kosa lolote.

Atatokea wa kupinga kwamba hakuna anayekunywa mvinyo chupa ikiwa imefungwa karatasi. Watu hunywa wakiiona lebo, wakiijua bei, wakiwa na wageni mezani, na raha inayoletwa na hayo ni raha ya kweli kama jaribio lenyewe linavyoonyesha. Nalikubali hilo kwa mtu aliyekwisha kununua. Lakini mwonjaji ameulizwa kabla ya fedha kutoka mfukoni, na anachoulizwa ni kile chupa inachoongeza juu ya jina lake. Ushahidi wa kihistoria upo. Tarehe 24 Mei 1976 mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaalika majaji wa Kifaransa jijini Paris waonje mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kuona chupa. Chardonnay ya Chateau Montelena ya 1973 iliongoza kwa upande wa mweupe, na Cabernet Sauvignon ya Stag's Leap ya 1973 kwa upande wa mwekundu. Nijuavyo sasa kuhusu alama, nisingeapa kwamba wa kwanza uliuzidi wa pili kwa kweli. Ila siku ile ilithibitisha jambo dogo lenye uhakika mkubwa zaidi: mivinyo iliyodharauliwa kwa sababu ya mahali ilikotoka haikuwa na upungufu ambao majaji wale waliutarajia. Kuficha lebo hakuhakikishi mfalme halali, lakini huwaondolea wanyonge hukumu isiyo yao.

Tukija kwenye aina zenyewe, tunaona jinsi maswali ya kukataa yanavyokuwa na meno. Mvinyo wa mapovu hutengenezwa kwa njia zisizolingana gharama. Cava ya Uhispania hupata mapovu yake ndani ya chupa ileile utakayoinunua, kama Champagne, na sheria huitaka ikae na masalia ya hamira miezi isiyopungua 9. Prosecco ya Italia kwa kawaida huchacha mara ya pili ndani ya tangi kubwa lenye shinikizo. Na kuna chupa za bei ya chini zaidi zilizopulizwa gesi tu kama soda. Mwonjaji asianze kuuliza ipi ni ya kifahari. Baridi na mapovu hufunika makosa, kwa hiyo aonje mara mbili: kwanza ikiwa imetoka kwenye barafu, kisha glasi ileile ikiwa imepoteza makali ya baridi na gesi imepungua. Mvinyo uliotegemea mapovu kuficha ukali wake, au sukari kufidia zabibu mbichi, utaumbuka kwenye onjo la pili. Lebo nayo inahitaji mkalimani mwaminifu: chupa iliyoandikwa “Brut” ina sukari chini ya gramu 12 kwa lita, na ile ya “Extra Dry”, ambayo jina lake linaahidi ukavu kupindukia, inaruhusiwa gramu 12 hadi 17. Asiyependa utamu huichukua ya pili akidhani amejiepusha nao. Kumwambia hivyo kunamfaa kuliko alama 89.

Kwa mvinyo mweupe, swali kubwa ni kama bado uko hai. Mvinyo mweupe wa bei nafuu ulinufaika na matangi ya chuma yanayopozwa, yanayouwezesha kuchacha polepole kwa baridi na kubaki na harufu ya tunda lake. Faida hiyo haidumu. Mwingi wake unatakiwa kunywewa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na adui zake ni joto na mwanga. Chenin Blanc, zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote Afrika Kusini, hufika Mombasa na Dar es Salaam kwa bei ambayo watu wengi wanaimudu, lakini chupa iliyotoka Cape ikiwa safi inaweza kuharibikia kwenye ghala la mabati au kwenye rafu iliyo karibu na dirisha. Chupa ya kioo cheupe ikipigwa na mwanga kwa muda mrefu huweza kuupa mvinyo harufu ya kabichi iliyopikwa. Kwa hiyo anayetoa hukumu kwa ajili ya mnunuzi wa hapa Afrika Mashariki aonje chupa zilizonunuliwa hapa, ataje mwaka wa mavuno, na asiikatae chupa kwa sababu ya kifuniko cha kusokota. Mwaka 2000 watengenezaji wa Riesling wa Clare Valley, Australia, waliokuwa wamechoshwa na vizibo vibovu, waliamua kwa pamoja kutumia vifuniko hivyo. Kwa mvinyo wa kunywa mapema ni kinga nzuri kuliko gome.

Mvinyo mwekundu ndio unaodhulumiwa zaidi na desturi. Ukakasi wake, ule unaokausha ufizi kama bibo lisiloiva, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na watu wengi huuhesabu kuwa ishara ya thamani. Ladha ya mwaloni nayo huhesabiwa hivyo hivyo. Lakini pipa la lita 225 hujaza chupa 300 tu, na pipa jipya la mwaloni wa Ufaransa hugharimu mamia ya dola. Likitumika kwa mavuno mamoja, gharama yake pekee huweza kuzidi zile dola 1.99 kwa kila chupa. Mvinyo wa bei nafuu unaonukia vanila nyingi kwa hiyo mara nyingi umetiwa vipande au mbao za mwaloni, utaratibu ambao Umoja wa Ulaya uliuruhusu mwaka 2006. Hilo si kosa. Kosa ni pale mwaloni unapotumika kuziba nafasi ya tunda ambalo halikuwapo. Swali la kukataa hapa ni rahisi: ukiondoa vanila na ukakasi, kunabaki kitu? Na kabla ya kujibu, mvinyo upozwe. Ushauri wa kunywa mwekundu kwa joto la chumba ulitoka kwenye nyumba za Ulaya zilizokuwa na nyuzi 16 hadi 18. Chumba cha Pwani chenye nyuzi 30 huifanya alkoholi ipande puani na kuunguza, na mvinyo mwema ukaonekana mbovu. Nusu saa kwenye friji huondoa hukumu hiyo ya uongo.

Pingamizi zito kuliko yote limebaki. Tukiwatuza wasiokosea, je, hatutaishia na mivinyo isiyo na kosa wala sura, iliyosafishwa viwandani mpaka ikawa sawa yote? Charles Shaw yenyewe ilikuwa bidhaa ya viwanda vikubwa, na wako wanaoamini kwamba mvinyo wenye doa kidogo lakini wenye tabia ya shamba lake una heshima kuliko huo. Hoja hii ina ukweli, nami siikwepi: kukataa kunaweka sakafu, hakujengi paa. Jibu langu ni kwamba mwenye fedha ya chupa moja anastahili sakafu kwanza. Tajiri akinunua chupa mbovu atafungua nyingine; mwenzake amepoteza sherehe ya ndoa ya binti yake au chakula cha Krismasi. Baada ya sakafu, nafasi ya kusifu ipo, ila isemwe kwa kiasi ambacho ulimi unaweza kukithibitisha. Mizani ya alama 100 iliyoenezwa na Robert Parker tangu jarida lake lianze mwaka 1978 inaahidi kwamba 91 inaizidi 90, ilhali Hodgson ameonyesha kwamba jaji huweza kuyumba kwa daraja zima juu ya chupa moja. Madaraja matatu yanatosha: usinunue, unafaa, na utafute. Mvinyo uingie daraja la tatu pale tu waonjaji wengi, wakiletewa tena glasi ileile bila kujua, wanapourudia uchaguzi wao. Hapo hata mvinyo wenye sura ya pekee utapata nafasi, kwa sababu kinachokumbukwa na ulimi mara mbili kina jambo.

Jambo hili linatugusa hasa kwa sababu ya Dodoma. Mizabibu iliyopandwa huko na wamisionari Wakatoliki katika karne iliyopita leo huzaa mavuno mawili kwa mwaka katika nchi ya ukame, na zabibu za Chenin Blanc na Makutupora nyekundu zinawapa wakulima riziki. Mvinyo wao hukutana na hukumu mbili zilizotolewa kabla ya kizibo kufunguliwa: dharau ya wanaoamini kwamba kizuri hutoka ng'ambo, na sifa za kizalendo za wanaoona ni utovu wa adabu kuukosoa. Zote mbili zinamnyima mkulima habari anayoihitaji. Chupa ya Dodoma ikifungwa karatasi na kuwekwa kando ya Chenin ya Cape ya bei ileile, na waonjaji wakasema kwamba ina dalili ya siki, hapo pana kazi ya kufanya juu ya usafi wa matangi. Wakisema imepigwa na hewa, pana kazi ya kufanya juu ya ghala. Wasipokuwa na la kuikataa, mnunuzi amepata sababu ya kuichukua isiyotegemea huruma. Wanaoandika juu ya mvinyo kwa Kiswahili, na wenye maduka wanaobandika mapendekezo yao kwenye rafu, waanze na orodha ambayo wengi huogopa kuichapisha, ile ya chupa za kuacha, kila moja na sababu yake na mwaka wake wa mavuno. Sifa zije baada ya hapo, nazo zitaaminika zaidi kwa sababu msomaji atakuwa amejua kwamba anayesifu ana uwezo wa kukataa.